Sakafu Nzuri Ina Mlango

Somo la ufundi wa nyumba: kutengeneza mfuniko wa kufunguliwa katika sakafu ya vigae

Leo tunazungumza juu ya mlango. Si mlango wa ukutani. Ni mlango wa sakafuni.

Sakafu za wazee wetu zilikuwa za udongo. Kama kitu kimeharibika chini yake, unachukua jembe, unachimba, unatengeneza. Kisha mama anamwagia maji, anasiriba kwa mkono, na kesho yake huwezi kujua kwamba palichimbwa. Sakafu ile ilifunguka na kufungika bila hasara.

Siku hizi hapa Endasak, na katika vijiji vingine vya Hanang na Mbulu, watu wengi wanajenga nyumba za matofali ya kuchoma na bati. Wengine wanaweka vigae sakafuni, vile ambavyo mafundi huita marumaru. Ni maendeleo. Sakafu ya vigae husafishwa upesi, haitoi vumbi, na viroboto hawapati mahali pa kujificha. Lakini sakafu hii haichimbwi kwa jembe ikarudi kama ilivyokuwa. Ukiivunja, umeivunja.

Na chini yake siku hizi kuna mambo. Kuna bomba la maji safi. Kuna bomba la maji machafu. Kuna koki. Kuna chemba. Vitu hivi huharibika. Basi swali letu ni hili: siku vikiharibika, utavifikiaje?

KISA CHA BARAZA

Tulimtembelea mzee mmoja, mwanakisomo wetu wa zamani. Tulikuta baraza yake imevunjwa. Vigae vimepangwa ukutani vipandevipande, na katikati kuna shimo. Tukamwuliza kulikoni.

Akatueleza. Alipojenga choo cha ndani, fundi alimchimbia karo nyuma ya nyumba, na njiani akajenga chemba. Chemba ile ilikuwa nje, uani, ina mfuniko wa zege. Baada ya miaka michache mzee akapata mavuno mazuri. Akaamua kuongeza baraza upande ule wa uani. Baraza ikapita juu ya chemba. Fundi wa vigae akasema, "Mzee, tukiacha mfuniko huu hapa, baraza itaharibika sura." Mzee akakubali. Wakaweka zege juu ya mfuniko, wakaweka vigae juu ya zege. Baraza ikapendeza kweli.

Mvua za mwaka uliofuata zikaja. Choo kikaziba. Maji machafu yakaanza kurudi ndani ya nyumba. Akaitwa fundi wa mabomba.

"Chemba iko wapi, mzee?"

"Iko hapa chini, fundi."

"Hapa wapi?"

"Hapahapa, karibu na nguzo."

Wakavunja karibu na nguzo. Hapana kitu. Wakavunja upande wa pili wa nguzo. Hapana kitu. Yule fundi aliyejenga chemba alikwisha hama, na hakuna aliyejua aendako. Mkewe mzee akasimama mlangoni akasema, "Mzee wangu, si huko. Mimi nilikuwa naanikia mahindi juu yake. Ilikuwa upande wa dirisha." Wakavunja upande wa dirisha, wakaipata. Vilikuwa vigae kumi na vinne vimekwisha vunjwa. Kazi ya kuzibua yenyewe haikufika nusu saa.

Mzee akaenda dukani kutafuta vigae vya namna ile ile. Akaambiwa rangi ile haiji tena.

Ndugu wasomaji, kosa la mzee huyu halikuwa kuweka vigae. Kosa lilikuwa kufukia mlango. Angetumia kigae kimoja kutengeneza mfuniko, asingevunja kumi na vinne. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa sisi tunaongeza: usipoacha mlango utavunja sakafu.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

Mfuniko mzuri wa sakafuni una sifa tatu.

Kwanza, unafunguka. Yaani mwenye nyumba anaweza kuuondoa bila nyundo wala tindo.

Pili, unabeba. Mtu mzima akiukanyaga, au akiweka gunia la mahindi juu yake, haupindi wala hautikisiki.

Tatu, unafunga. Harufu haipiti, mende hawapiti, na mtoto hawezi kuufungua.

Mfuniko ukikosa sifa moja katika hizi tatu, haufai. Mfuniko usiofunguka ni sakafu tu. Mfuniko usiobeba au usiofunga ni mtego.

MAHALI PA KUUWEKA

Weka mfuniko kila mahali ambapo mabomba ya maji machafu yanakutana au yanapinda. Hapo ndipo panapoziba. Weka mfuniko pia juu ya koki kuu ya maji, kama koki hiyo iko chini ya sakafu.

Chemba ya maji machafu ni afadhali ikae nje ya nyumba. Kama bado hujajenga, mwambie fundi aitoe nje kabisa. Usiiweke chumba cha kulala wala jikoni. Lakini kama umeongeza baraza au chumba, na chemba imekwisha ingia ndani kama ya yule mzee, basi usiifukie. Itengenezee mfuniko.

Usiweke mfuniko mahali maji ya kuogea yanapotuama. Na mfuniko tutakaoueleza leo ni wa kukanyagwa na watu. Si wa kupitisha gari wala trekta.

VIPIMO

Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Chukua karatasi na kalamu. Usimwachie fundi hesabu zote.

Mfuniko wetu una sehemu mbili za chuma. Ya kwanza ni fremu ya nje. Hii inajengewa sakafuni, haiondoki tena. Ya pili ni sinia. Sinia hili linakaa ndani ya fremu, na ndilo linaloondoka. Ndani ya sinia tunamimina zege, na juu ya zege tunabandika kigae. Sinia likiwa mahali pake, unaona kigae kama vingine, kimezungukwa na mistari myembamba ya chuma.

Fremu na sinia hutengenezwa kwa chuma cha pembe, yaani kile ambacho ukikitazama kwa mwisho wake kinafanana na herufi L.

Tuchukue mfano wa vigae vya sentimeta 60 kwa 60. Tunataka mfuniko mzima ukae katika nafasi ya kigae kimoja, ili mistari ya sakafu isipotee. Twende polepole:

Fremu ya nje, kutoka ukingo hadi ukingo: sm 60.

Chuma cha fremu kina unene wa milimeta 5 kila upande, yaani sm 1 kwa pande mbili. Ndani ya fremu inabaki: sm 59.

Tunaacha nafasi ya milimeta 2 kila upande ili sinia liingie bila kubana. Basi sinia kwa nje ni: sm 58.6.

Chuma cha sinia kina unene wa milimeta 4 kila upande. Ndani ya sinia inabaki: sm 57.8.

Tunaacha milimeta 2 kila upande za kujazia. Basi kigae kikatwe kiwe: sm 57.4.

Umeona? Kigae cha mfuniko hakiingii kizima. Lazima kikatwe, karibu sm 1.3 kila upande. Mafundi wengi husahau jambo hili. Wanachomelea fremu kwanza, halafu kigae kinakataa kuingia.

Sasa kimo. Fremu ya nje tumia chuma cha pembe cha milimeta 50. Sinia tumia chuma cha milimeta 40. Chini ya sinia chomelea bamba la chuma la milimeta 3. Sinia litakaa juu ya mguu wa fremu, na katikati yake tutaweka utepe wa mpira wa milimeta 2. Jumlisha:

Mguu wa fremu 5, mpira 2, bamba 3, ukuta wa sinia 40. Jumla ni milimeta 50.

Fremu nayo ni milimeta 50. Basi sinia na fremu vinalingana kwa juu, na mguu wa mtu hautajikwaa.

Shimo lenyewe, ambalo mkono na fimbo ya kuzibulia vitapita, litakuwa sm 50 kwa 50, kwa sababu mguu wa fremu unakula sm 5 kila upande. Hii yatosha kwa chemba. Kwa koki tu, tumia kigae cha sm 40. Shimo litakuwa sm 30.

VIFAA

Chuma cha pembe cha mm 50, unene mm 5: sm 240.
Chuma cha pembe cha mm 40, unene mm 4: karibu sm 235.
Bamba la chuma la mm 3: kipande cha sm 58.6 kwa 58.6.
Nondo: vipande vinane vya sm 15.
Nati mbili za mm 12, na bolti mbili fupi za kuziba.
Bolti mbili ndefu za mm 12, zenye mpini uliochomelewa kama herufi T.
Vipande viwili vifupi vya bomba la chuma, bolti ipite ndani.
Kipande cha wavu wa chuma.
Utepe wa mpira, hata wa tyubu ya gurudumu.
Grisi, na rangi ya kuzuia kutu.
Sementi, mchanga, kokoto ndogo, gundi ya vigae na kigae.

Chuma cha pembe kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 6. Mfuniko mmoja hautumii hata nusu yake. Kwa hiyo shirikianeni. Chuma kimoja kinatosha watu wawili. Au uliza kwa mafundi wa kuchomelea wa Katesh na Babati kama wana vipande vilivyobaki.

KAZI, HATUA KWA HATUA

1. Fundi achomelee fremu ya nje. Mguu wa chuma uwe chini na uelekee ndani. Kabla hajamaliza, pima kona kwa kona. Vipimo viwili viwe sawa. Kwa fremu ya sm 60, kila kimoja kiwe karibu sm 84.9. Kama kimoja ni kirefu kuliko kingine, fremu imepinda. Inyooshwe kwanza.

2. Achomelee sinia kwa namna ile ile, na bamba chini yake. Liingize ndani ya fremu. Liingie bila kupigwa nyundo. Kama linabana leo, kesho likishika kutu halitatoka.

3. Chomelea nati mbili ndani ya sinia, juu ya bamba. Moja iwe upande huu katikati, sm 10 kutoka ukingoni. Nyingine iwe upande wa pili, mkabala nayo. Juu ya kila nati chomelea kipande cha bomba, kifike mahali ambapo kigae kitalala. Hizi ndizo mbeleko za mfuniko wetu. Bila hizo hutaunyanyua.

4. Chomelea nondo nje ya fremu, mbili kila upande. Hizi ni mizizi. Zitashika zege ili fremu isilegee.

5. Paka rangi ya kuzuia kutu kila mahali, ndani na nje. Acha ikauke.

6. Sawazisha kuta za chemba. Ziwe chini ya usawa wa vigae kwa sm 5 pamoja na unene wa udongo wa sementi utakaowekwa juu yake. Weka udongo wa sementi juu ya kuta, kisha laza fremu, sinia likiwa ndani yake. Tumia pima maji pande zote. Fremu iwe sawa na uso wa vigae, si juu, si chini. Kisha jaza zege kuzunguka, ishike zile nondo.

7. Siku ya pili toa sinia nje. Safisha sementi yoyote iliyoingia katikati ya chuma na chuma.

8. Changanya zege: sementi ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndogo ndoo 3. Kwa kazi hii kopo linatosha badala ya ndoo, maadamu unatumia kopo lile lile. Kokoto zisizidi ukubwa wa harage. Ziba midomo ya vile vibomba kwa karatasi. Mimina zege nusu, laza wavu, mimina nusu iliyobaki. Acha chini ya ukingo nafasi ya unene wa kigae pamoja na gundi, kwa kawaida karibu mm 13.

9. Funika zege kwa gunia lenye maji. Lilowanishe kila siku kwa siku 7. Usiwe na haraka. Zege inayokaushwa na jua hupasuka.

10. Kata kigae, toboa matundu mawili palipo na vibomba. Paka gundi, bandika. Kigae kiwe sawa na ukingo wa chuma. Acha siku moja, kisha jazia sementi nyeupe kati ya kigae na ukingo wa sinia.

11. Paka grisi juu ya mguu wa fremu, laza utepe wa mpira, paka grisi tena. Rudisha sinia mahali pake. Ziba matundu mawili kwa bolti fupi zilizopakwa grisi.

KOSA KUBWA

Hapa tunaomba msome mara mbili. Kati ya sinia na fremu kuna ule mwanya wa milimeta 2. Usijaze sementi katika mwanya huo. Kamwe.

Fundi wa vigae amezoea kujaza kila mwanya anaouona. Akifika hapo mkono wake unaenda wenyewe. Akijaza, mfuniko umegeuka sakafu, na kazi yote imekuwa bure. Kwa hiyo siku ya kujazia viungo uwepo mwenyewe. Mwanya ule ujazwe grisi. Kama hupendi grisi ionekane, ziba kwa juu na silikoni, ambayo siku ya haja utaikata kwa kisu.

HESABU YA UZITO

Mfuniko huu utakuwa na uzito gani? Tunaweza kujua kabla ya kuubeba.

Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400. Zege yetu ina urefu wa mita 0.578, upana mita 0.578, na kimo karibu mita 0.027. Ukizidisha unapata karibu 0.009. Zidisha kwa 2,400. Jibu ni karibu kilo 22.

Chuma cha sinia na bamba ni karibu kilo 14. Kigae na gundi ni karibu kilo 7. Jumla: karibu kilo 43.

Basi mfuniko huu unanyanyuliwa na watu wazima wawili, kila mmoja na bolti yake. Mtu mmoja asijaribu. Ataumia mgongo, au utamponyoka na kumwangukia vidole. Uzito huu una faida pia. Mtoto hawezi kuunyanyua, na bila bolti zenye mpini hata mkubwa hana pa kushika. Weka bolti hizo mahali pamoja panapojulikana na watu wa nyumba.

SIKU YA KUFUNGUA

Ndugu wasomaji, sasa tunafika kwenye jambo la uhai. Mfuniko ni mlango, lakini si kila mlango ni wa kuingia.

Ndani ya chemba, na zaidi ndani ya karo, uchafu unaooza hutoa hewa mbaya. Moja ina harufu ya mayai viza. Watu hudhani kwamba harufu ikiisha, hatari imeisha. Sivyo. Hewa hiyo ikizidi, pua inashindwa kuisikia, na mtu anaanguka bila kujua. Hewa nyingine inawaka moto. Nyingine haina harufu, lakini inachukua nafasi ya hewa nzuri.

Kwa hiyo shikeni sheria hizi:

Watoto waondoke kabla mfuniko haujafunguliwa. Shimo lililo wazi lisiachwe bila mtu hata dakika moja.

Usiwashe kiberiti, sigara wala koroboi karibu na shimo. Tumia tochi.

Fungua, kaa pembeni, acha hewa ipite kwa muda ndipo uanze kazi.

Zibua kwa fimbo au waya ukiwa juu. Usiingie. Usiingize kichwa. Karo halina ruhusa ya kuingiwa hata na mtu hodari.

Mtu akianguka ndani, usimfuate. Hili ni gumu, kwa sababu huyo ni ndugu yako. Lakini mara nyingi wa pili anayeruka kumwokoa naye hufa, na wa tatu vilevile. Piga kelele, ita watu, mvute kwa kamba au kitu kirefu ukiwa nje. Mpeleke kituo cha afya upesi.

Ukimaliza kazi, safisha mguu wa fremu, paka grisi mpya, rudisha sinia. Weka alama ndogo kwenye sinia na kwenye fremu, ili kila mara lirudi kwa upande ule ule.

KAMA HUNA FEDHA YA CHUMA

Wengine watasema, hayo ni ya wenye uwezo. Hapana. Ipo njia nafuu kwa chemba iliyo nje, isiyohitaji kigae.

Katika nchi ya Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, mtaalamu kutoka Sweden, Björn Brandberg, alishughulika na vyoo vya bei nafuu vya wananchi. Kikatokea kibao kidogo cha zege cha kuweka juu ya shimo la choo, kinachoitwa Sanplat. Mfuniko wa tundu lake humiminwa ndani ya tundu lile lile. Kwa hiyo hauna budi kulingana nalo. Nzi hawapati mwanya.

Sisi tunaweza kutumia akili hiyo hiyo. Mdomo wa chemba uujenge ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kama bakuli. Ukikauka, kata ubao wa kushikilia zege chini. Tandika karatasi ya nailoni juu ya mdomo, au paka grisi nzito. Mimina zege yenye nondo ndani yake, na uache vishikio viwili vya nondo vikitokeza juu. Baada ya siku 7 nyanyua. Mfuniko umezaliwa na mdomo wake, na hakuna mwingine utakaouingia vizuri kama huo. Kwa sababu ni mpana juu, hauwezi kutumbukia.

ANDIKA RAMANI

Mfuniko unasaidia. Lakini karatasi inasaidia zaidi, na haina gharama.

Siku mabomba yanapolazwa, kabla hayajafukiwa, chukua daftari. Chora nyumba yako kwa mistari: kuta, milango, madirisha. Chora bomba lilipopita. Kisha pima na uandike, mathalani: "Chemba ya kwanza. Kutoka ukuta wa jikoni mita 2 na sm 40. Kutoka kona ya baraza mita 1 na sm 15. Kina sm 60." Kila kitu kipimwe kutoka pande mbili. Kipimo cha upande mmoja hakitoshi. "Karibu na nguzo" si kipimo kabisa.

Andika tarehe. Weka karatasi hiyo pamoja na karatasi za kiwanja. Mwonyeshe mwenzako wa nyumbani, waonyeshe na watoto wakubwa. Yule mama wa baraza alikumbuka kwa sababu ya mahindi yake, lakini hakuna aliyemwuliza mpaka vigae vilipovunjwa. Kumbukumbu ya mtu husafiri naye, au hufa naye. Karatasi hubaki nyumbani.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusoma ili wamalize kitabu. Walisoma ili wafanye kazi. Katika miaka yetu hii kampeni ya Nyumba ni Choo imetukumbusha jambo lile lile. Choo bora kinajengwa mara moja, lakini hutunzwa kila mwaka. Na huwezi kukitunza kama huwezi kukifikia.

Yule mzee wa baraza ametengeneza mfuniko wake. Kigae chake ni cha rangi nyingine, kwa sababu ile ya kwanza haipatikani. Wageni wakiuliza, hujibu, "Hapo ndipo mlango."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sakafu ya udongo haikuhitaji mfuniko, na sakafu ya vigae inauhitaji?
2. Taja sifa tatu za mfuniko mzuri. Je, mfuniko wa choo chako una sifa ngapi?
3. Kwa nini tusijaze sementi katika mwanya kati ya sinia na fremu?
4. Jirani yako ameanguka ndani ya karo. Utafanya nini kwanza? Ni jambo gani hutalifanya?
5. Hesabu: unatumia kigae cha sm 40 badala ya sm 60. Fremu ya nje ni sm 40. Kwa unene na nafasi zile zile, sinia litakuwa sm ngapi kwa nje? Kigae kikatwe sm ngapi? (Majibu: sm 38.6 na sm 37.4.)

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya juma lijalo, kila mwanakisomo apime nyumba yake na kuchora ramani ya mabomba, chemba na shimo la choo. Asiye na bomba achore shimo la choo na umbali wake kutoka nyumbani na kutoka kisimani. Tutazileta darasani, tutazisoma pamoja.